Nilivyoiandika upya CV yangu kwa maombi ya kazi Ujerumani

Mstari uliokuwa unaniharibia zaidi kwenye CV yangu ulikuwa mfupi kuliko yote: GPA 3.8, yaani wastani wa alama zangu za chuo. Kwetu Tanzania hiyo ni daraja la pili la juu, na mtu wa Dar es Salaam anaielewa bila kuuliza. Ujerumani alama zinakwenda kinyume. 1,0 ndiyo bora kabisa, na 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Mwajiri wa kule akikutana na 3.8 isiyo na maelezo, anaona mtu aliyepona chupuchupu.

Dawa yake ni kuonyesha kipimo kizima na kugeuza alama. Vyuo vikuu vya Ujerumani hutumia hesabu inayoitwa fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Chukua alama ya juu kabisa ya chuo chako, toa alama yako. Jibu hilo ligawe kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Kwangu ilikuwa hivi: 5.0 kutoa 3.8 ni 1.2, 5.0 kutoa 2.0 ni 3.0; 1.2 gawa kwa 3.0 ni 0.4, mara 3 ni 1.2, ongeza 1, unapata 2.2. Kwa Mjerumani hiyo ni alama nzuri. Basi niliandika: "GPA 3.8 kati ya 5.0, kufaulu kuanzia 2.0; kwa alama za Kijerumani takriban 2,2". Mkato badala ya nukta ni makusudi, ndivyo wanavyoandika wao. Kama chuo chako kinatoa asilimia na kufaulu ni 40, mwenye 65 anaangukia kwenye 2,75. Neno "takriban" usiliache, maana hesabu hiyo umeifanya wewe, si mamlaka.

Baada ya hapo nilipitia CV yote upya kwa jicho hilohilo. Matangazo ya ajira za serikali kwetu yanadai "maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika", na wengi tumejifunza kuandika CV kutokana na maneno hayo. CV ya namna hiyo inajibu swali la huyu ni nani, katokea wapi, na nani anamfahamu. Ya Kijerumani, ambayo wenyewe huiita Lebenslauf, inajibu maswali mengine: mwezi kwa mwezi ulikuwa wapi, na karatasi ya kuthibitisha iko wapi. Ukishalielewa hilo, mengi yaliyobaki yanajipanga yenyewe.

Nilifuta dini, hali ya ndoa, jinsia, kabila na shule ya msingi. Nikafuta wadhamini watatu na namba zao, kwa kuwa kule kazi ya mdhamini inafanywa na barua ya mwajiri, nami nitaieleza chini. Nikafuta tamko la mwisho la "nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli", lakini saini haikuondoka: chini kabisa ya Lebenslauf Wajerumani wengi bado wanaweka mji, tarehe na saini, bila tamko lolote. Nikafuta pia "Eng." mbele ya jina. Kwetu ni heshima ya kazi. Ujerumani jina la mhandisi linalindwa na sheria za majimbo, na mwenye shahada ya nje anahitaji kibali kabla ya kujiita hivyo. Andika shahada yako kama ilivyo kwenye cheti, yatosha.

Picha si lazima. Sheria ya usawa ya mwaka 2006 iliwafanya waajiri waache kuidai, ila waombaji wengi bado wanaiweka juu kulia. Ukiiweka, ipigwe studio kwa ajili hiyo, mavazi ya kazini, mandhari ya nyuma iliyotulia. Ile ya pasipoti yenye uso uliokaza usiitumie. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hiari, na wengi wanaiandika.

Hapa inafaa nitaje nchi nyingine kwa kifupi, kwa sababu watu hutuma faili moja dunia nzima. Marekani, Kanada na Uingereza picha, umri na ndoa haviwekwi kabisa. Kampuni nyingi zinaogopa kushtakiwa kwa ubaguzi na hazitaki hata kuviona. Marekani mtu mwenye uzoefu wa miaka michache anatakiwa ukurasa mmoja, Uingereza miwili, na karatasi ya Marekani ni Letter, milimita 216 kwa 279, kwa hiyo faili la A4 likiprintiwa kule linaweza kukatwa chini. Dubai, Muscat na Doha ni kinyume: picha, uraia, hali ya viza na muda wa notisi kwa mwajiri wako wa sasa vinatarajiwa. Tengeneza faili tofauti kwa kila upande.

Turudi Ujerumani. Tarehe zote niliziandika kwa mwezi na mwaka, 03/2019 – 08/2022, cha karibuni kikianza juu. Ukiandika "2019 – 2022" tu, msomaji wa kule anahisi umeficha miezi. Nafasi tupu ya mwezi mmoja au miwili haisumbui mtu, ila ikizidi hapo lazima iwe na jina. Na sisi tuna mashimo ambayo hatuyaoni, kwa kuwa nyumbani kila mtu anayajua. Mtihani wa Kidato cha Sita ni Mei, chuo kinafunguliwa karibu na Oktoba au Novemba. Hiyo ni miezi mitano hivi. Kama ulikwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, iandike na uieleze kwa maneno machache, kwa mfano "mafunzo ya kitaifa baada ya sekondari". Miezi ya kutafuta kazi baada ya kuhitimu iite hivyohivyo, kutafuta kazi. Kuuguza mzazi ni jibu linaloheshimika, liandike. Duka la familia ulilosimamia kwa mwaka mzima nalo ni kazi: weka bidhaa, mauzo, uagizaji.

Sasa neno Diploma, ambalo limewaponza wengi. Ujerumani Diplom ilikuwa shahada ya chuo kikuu kabla hawajahamia mfumo wa Bachelor na Master. Diploma ya kwetu ya ngazi ya 6 ya NTA, mfumo wa Tanzania wa tuzo za vyuo vya ufundi, si kitu hicho. Ukiiacha "Diploma" peke yake, mmoja atakupandisha kuliko ulivyo na mwingine atadhani unadanganya. Niliyonayo mimi ni shahada, lakini kwenye CV za wenzangu ninazozipitia huwa naweka jina la cheti kwa lugha kilichoandikwa, kisha muda wa masomo na ngazi: "miaka mitatu, baada ya Kidato cha Nne, NTA 6". Vilevile kwa ACSEE ya Tanzania (Kidato cha Sita) na KCSE ya Kenya (mwisho wa sekondari), jina lenyewe kwanza, maelezo baadaye.

Kwa wenye shahada, kabla hujaandika lolote ingia kwenye Anabin, hifadhidata ya Wajerumani ya vyuo vya nje, na inafunguka bure. Tafuta nchi, kisha chuo, uone hadhi yake. H+ maana yake chuo kinatambuliwa. H+/- inahitaji kuangaliwa zaidi, na H- hakitambuliwi. Kisha tafuta shahada yenyewe. Hifadhi ukurasa huo kama PDF na uuweke pamoja na vyeti, kwa sababu afisa rasilimali watu hana sababu ya kukijua chuo cha Mbeya au Eldoret. Wauguzi, madaktari na walimu wanahitaji zaidi ya hapo, kwani taaluma zao zinasimamiwa na sheria na lazima zitambuliwe rasmi.

Jina ni jambo dogo linalokwamisha kubwa. Sisi tunatumia majina matatu, lako, la baba, la babu, na mara nyingi cheti cha Kidato cha Nne kina mawili wakati cha chuo kina matatu. Andika kama pasipoti ilivyoandika, hata mpangilio. Vyeti vikipishana, weka kiapo cha jina kilichotafsiriwa. Anwani ya S.L.P. peke yake inaonekana kama umejificha, kwa hiyo andika namba ya nyumba, mtaa, kata na postikodi ya tarakimu tano. Simu ianze na +255 na sifuri ya mbele iondoke. Leseni ya udereva: daraja D la Tanzania halihusu mabasi ya abiria, lakini Ujerumani D ni ya basi. Andika "leseni ya gari dogo, Tanzania".

Kazi zenyewe niliziandika kwa mistari mitatu hadi mitano kwa kila mwajiri. Mbele ya jina la kampuni niliongeza maneno machache ya kumweleza mgeni: inafanya nini, ina wafanyakazi wangapi. Kisha vitu vya kupimika. "Kusimamia matengenezo ya umeme" haisemi kitu, "matengenezo ya transfoma 26 za 11/0.4 kV, kikosi cha mafundi 4, kazi kwa viwango vya IEC" inamwambia mhandisi wa kule kila anachotaka. Lugha niliziweka kwa ngazi za Ulaya, A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu kabisa, badala ya lile jedwali letu la kusoma, kuandika na kuongea lililojaa "vizuri sana". Kijerumani B1 na mwezi wa mtihani, Kiswahili lugha mama, Kiingereza C1. Mitihani ya Kijerumani inapatikana Goethe-Institut, Dar es Salaam na Nairobi.

Nakuja kwenye barua ya mwajiri, na hapa naomba usome taratibu. Mfanyakazi wa Ujerumani akiondoka kazini ana haki kisheria ya kupewa Arbeitszeugnis, barua ya ukurasa mmoja au miwili inayoeleza majukumu na kumpima. Sheria inataka barua hiyo isimharibie mtu riziki, kwa hiyo waajiri wamejenga lugha ya mafumbo. "Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit", yaani daima kwa kuridhika kwetu kukamilifu kabisa, ni alama 1. "Stets zu unserer vollen Zufriedenheit" ni 2. Ondoa neno "stets", yaani daima, inakuwa 3. Ondoa na "vollen", ibaki "zu unserer Zufriedenheit", inakuwa 4.

Hati ya utumishi ya kwetu, ambayo sheria za kazi za Tanzania na Kenya zinamtaka mwajiri aitoe, inataja jina, tarehe na cheo. Haipimi. Ndiyo maana tunaomba barua ya ziada, na bosi mwenye nia njema anaandika kwa Kiingereza kwamba ulifanya kazi "kwa kuridhisha". Mtafsiri anaigeuza neno kwa neno, inatoka "zu unserer Zufriedenheit", na sifa uliyoombewa kwa moyo mweupe inasomeka kama alama ya 4. Mwambie bosi wako asitumie sentensi ya kuridhika hata kidogo. Aandike ulichofanya: tarehe za kuanza na kumaliza, majukumu matano, jambo moja ulilolikamilisha likiwa na namba, sababu ya kuondoka, na kwamba angekuajiri tena. Karatasi iwe na nembo, saini, mhuri na tarehe. Mimi humpelekea mwajiri rasimu nimeshaiandika, yeye anarekebisha anapotaka.

Barua ya maombi ni ukurasa mmoja. Unyenyekevu wetu wa "naomba kwa heshima na taadhima", na ahadi kwamba nikipewa nafasi nitashukuru sana, kule unamfanya mtu aonekane hana hakika na kazi yake. Mstari wa mada unaandikwa kwa herufi nene bila neno "Yah", ukiwa na jina la kazi na namba ya tangazo. Mtaje mhusika kwa jina la ukoo, "Sehr geehrte Frau" kwa mwanamke au "Sehr geehrter Herr" kwa mwanamume. Jina likikosekana kabisa, "Sehr geehrte Damen und Herren". Baada ya salamu ni mkato, na sentensi inayofuata inaanza kwa herufi ndogo. Aya ya kwanza iseme kazi gani na kitu kimoja ulichonacho wanachokitafuta. Mwishoni weka tarehe ya mapema unayoweza kuanza, ukihesabu na miezi ya viza, na mshahara kama wameuuliza. Mshahara wa Ujerumani hutajwa kwa mwaka na kabla ya makato, wakati sisi tumezoea kutaja cha mwezi kinachobaki mkononi. Kwa mwaka 2025 mshahara wa chini wa kupata EU Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wasomi wa nje, ulikuwa euro 48,300, na 43,759.80 kwa taaluma zenye upungufu wa watu, uhandisi ukiwemo. Ukijishusha chini ya kiwango cha mwaka unaoomba kwa woga, umejifungia njia hiyo ya viza.

Vyote vinakwenda kwenye PDF moja: barua, Lebenslauf, barua za waajiri, vyeti, ukurasa wa Anabin. Skani kwa dpi 150 hadi 200, faili lisizidi megabaiti 5. Picha za simu zilizopigwa kitandani, zenye kivuli cha mkono, zinarudiwa stationery. Nakala zilizogongwa mhuri wa wakili zitahitajika baadaye kwenye viza na utambuzi. Kwa ombi la kwanza nakala safi inatosha. Kabla ya kutuma, printi Lebenslauf, kaa na kalamu, na kando ya kila mstari andika namba ya ukurasa wa kiambatisho unaouthibitisha. Mstari unaobaki bila namba tafutia karatasi yake, au ujiandae kuueleza kwenye usaili.