Uhafidhina Haumaanishi Kuganda

Nimechoka kusikia neno uhafidhina, yaani msimamo wa kisiasa wa kuthamini mila na taasisi zilizorithiwa, likitumiwa kama tusi kwa kila anayechelewa kukubali jambo jipya. Edmund Burke, mbunge na mwandishi wa Uingereza aliyeyashutumu Mapinduzi ya Ufaransa katika kitabu chake cha mwaka 1790, hakupinga mabadiliko. Alishikilia kwamba dola isiyo na njia ya kujibadilisha haina njia ya kujihifadhi. Alichokiogopa ni kizazi kimoja kubomoa, kwa kutegemea nadharia tupu, taasisi zilizojengwa na vizazi vingi.

Joseph de Maistre, mwandishi wa Savoy aliyeishi zama hizohizo, alikwenda mbali zaidi, akitetea ufalme na mamlaka ya Papa kwa ukali unaomfanya Burke aonekane mliberali (na kwa kweli Burke alikuwa mbunge wa Whig, kundi lililotaka mamlaka ya mfalme yawekewe mipaka, si wa Tory, kundi lililomtetea mfalme na kanisa). Baadaye, hukohuko Uingereza, Benjamin Disraeli, waziri mkuu wa karne ya 19 kutoka chama cha Conservative, alisisitiza wajibu wa matajiri kwa maskini, ilhali Margaret Thatcher wa chama hichohicho, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1979, aliegemea soko huria na ubinafsishaji. Hapo ndipo ninapouona mvutano mkubwa zaidi, kwa sababu soko lisilozuiwa huweza kuvunja mila, ujirani na kazi za kurithiana upesi kuliko mwanamapinduzi yeyote, na bado soko na mila hutetewa chini ya jina lilelile.