Agano la siku ya nane

Nafundisha somo la dini katika shule moja ya sekondari hapa Kimilili, na kila tunapofika kwa Musa kuna mwanafunzi atakayeuliza kama Wayahudi bado wapo. Hatanii. Tangu utotoni amewasikia kanisani: walitoka Misri, walinung'unika jangwani, Mafarisayo wakabishana na Yesu, kisha mahubiri yanahamia kwa Paulo na wao hawatajwi tena. Wapo, namwambia. Ni takriban milioni 15 duniani, na baadhi yao wako Mbale ya Uganda, mji ulio karibu nasi kuliko Nakuru. Mimi ni wa Kanisa la Marafiki na sina nia ya kuhama, lakini inaniuma dini hai ya watu inapofundishwa kama utangulizi wa dini yangu. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili ya wale wanafunzi, na wazazi wao wakipenda.

Mambo yanaanzia nyumbani kwa mtu mmoja. Ibrahimu anaitwa aiache nchi ya baba yake, anaahidiwa uzao na nchi, na alama ya agano hilo inakuwa tohara: kila mtoto wa kiume atahiriwe akifika siku ya nane. Sisi Wabukusu tukisikia habari za tohara tunakaa vizuri. Kwetu ni Agosti ya mwaka wa shufwa. Kijana amezunguka kwa wajomba na shangazi akipiga chinyimba (njuga za tohara), alfajiri amepakwa matope mtoni, anarudi akiimbiwa hadi uani kwa baba yake, na hapo anasimama. Akitikisika, akipepesa macho tu, ukoo mzima umeaibika. Kisu chetu kinampima kijana.

Cha Kiyahudi hakimpimi mtu. Mtoto ana siku nane, na hata jina anatangaziwa siku hiyo hiyo. Hana ushujaa wa kuonyesha wala ungamo la kutamka. Wazazi wanamleta na kumwingiza katika neno lililofungwa kabla yake, na kabla yao pia. (Msichana ni wa agano hilo kwa kuzaliwa, tohara haimhusu kabisa, na naomba mtu asije akanisingizia vingine.) Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha dini yote, na ndipo tunapopotea tukijaribu kuielewa. Sisi tumezoea kumwuliza mtu kwanza anaamini nini. Myahudi anaanza na agano: Mungu mmoja aliyejifunga kwa watu hawa, na watu hawa waliokubali kumtii. Aliyezaliwa humo, hata akae miaka bila kusali, wenzake bado wanamhesabu kuwa wao.

Agano la nyumba moja likawa la taifa zima pale Sinai. Amri Kumi tunazikariri wote, lakini mapokeo ya marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, yanahesabu amri 613 katika vitabu vitano vya Musa, 248 za kutenda na 365 za kujiepusha. Nyingine zilihusu Hekalu na leo hazitekelezeki. Zilizobaki zinamfuata mtu hadi jikoni na sokoni. Mizani iwe ya haki. Pembe za shamba zisivunwe, maskini apate kitu. Samaki mwenye mapezi na magamba analiwa, kwa hiyo ngege ni halali na kambare si halali. Nyama haipikwi wala hailiwi pamoja na maziwa. Nimesikia wahubiri wakizibeza sheria hizi kama mzigo wa watu wasiojua neema, na nikasikitika, kwa sababu mojawapo inasema ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Ukitaka kujua uzito wa amri hiyo, mwulize anayekata miwa huku kwetu analipwa lini.

Imani yenyewe iko katika sala fupi kutoka Kumbukumbu la Torati, inayosemwa asubuhi na jioni, na ambayo Myahudi hutamani iwe maneno yake ya mwisho: Israeli isikie kwamba Bwana ni Mungu wao, na Bwana ni mmoja. Hana mwili, hana sanamu, hana mshirika. Ndiyo maana hawakubali kwamba Yesu ni Mungu wala kwamba ni Masihi. Masihi kwao bado anangojewa, na dalili zake ni dunia yenye amani na haki, jambo ambalo wakitazama nje hawalioni. Katika karne ya 12 Musa bin Maimuni, rabi mzaliwa wa Cordoba, Hispania, aliyefia Misri mwaka 1204, alipanga misingi 13 ya imani: Mungu yupo, ni mmoja, Torati imetoka kwake, wafu watafufuliwa, na mengineyo. Wengi wanaiheshimu orodha hiyo hadi leo, ila wanazuoni wengine wakubwa waliipinga, na hawakutengwa kwa kuipinga. Kubishana juu ya maandiko ni ibada kwao.

Mwaka 586 KK Wababeli waliliteketeza Hekalu la Yerusalemu na kuwachukua watu uhamishoni. Likajengwa la pili, nalo Warumi wakalibomoa mwaka 70 BK. Nawaomba wanafunzi wangu watulie hapa kidogo. Dini iliyokuwa na madhabahu, makuhani na dhabihu za kila siku imepoteza vyote, na mahali pengine pa kutolea dhabihu haparuhusiwi. Ilipaswa kuisha. Mwalimu mmoja, Yohanan ben Zakkai, akawakusanya wenzake katika mji wa Yavne, wakaipanga upya ibada bila Hekalu. Sala ikashika nafasi ya dhabihu, kusoma Torati kukawa kazi ya kila mtu badala ya kuhani peke yake, na meza ya nyumbani ikapewa heshima ya madhabahu. Mafundisho yaliyokuwa yakipokezwa kwa mdomo yalikusanywa kuwa Mishna mnamo mwaka 200, na mijadala juu yake ikazaa Talmudi. Wale Mafarisayo tunaowasema vibaya kila Jumapili ndio waliotangulia marabi hawa.

Meza hiyo inaonekana vizuri Ijumaa, Sabato inapoingia. Kabla jua halijazama mishumaa inawashwa, mara nyingi na mama wa nyumba, kisha kuna kikombe cha divai na mikate miwili iliyofunikwa kitambaa, ukumbusho wa mana iliyookotwa maradufu siku ya sita. Tangu hapo hadi nyota zionekane Jumamosi hakuna kuwasha moto, kuandika, kununua wala kuuza.

Suala la nchi tuna sababu ya kulijua sisi wa magharibi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe), wazo la makao ya Wayahudi katika nyanda za Uasin Gishu. Aprili ya mwaka huo, mjini Kishinev katika himaya ya Urusi, Wayahudi wapatao 49 walikuwa wameuawa na umati. Mtu angedhani wenye hofu kubwa zaidi wangekubali upesi. Katika mkutano wa Wazayuni huko Basel, Uswisi, wajumbe 295 walikubali tume ije kukagua na 178 wakakataa, na waliokataa kwa uchungu zaidi walikuwa wale wa Urusi, wenye watu waliokuwa wakiuawa. Tume ilikuja, ikatoa ripoti, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukalitupa pendekezo. Wengi wao hawakuwa hata watu wa kusali, lakini nchi ya agano lile ilikuwa moja tu, na mahali pengine pasingeitwa nyumbani. Wanandi na Wamaasai, waliokuwa wakichunga mifugo katika nyanda hizo, hakuna aliyewauliza neno.

Sasa Mbale. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda, akakosana nao, na katika kusoma Biblia akashika vitabu vya Musa kuliko vingine. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Husimuliwa kwamba wenzake katika kanisa walimwambia wanaotahiri ni Wayahudi, naye akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipiga marufuku dini ya wafuasi wa Kakungulu na wengi wakaiacha, lakini kikundi kidogo kilishikilia, na ndicho chimbuko la Abayudaya, Wayahudi wa huko, wa leo. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja yake Marekani mwaka 2008.

Nimesali nao kwenye kilima cha Nabugoye nilipokwenda kuwatembelea jamaa zetu wa Kigisu. Zaburi zinaimbwa kwa Kiluganda, kwa sauti ambazo kwaya yoyote ya huku ingezitambua. Kisha gombo la Torati linatolewa kabatini na kutembezwa, watu wanaligusa kwa ncha ya shali na kuibusu ncha ile. Ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono, herufi 304,805, na moja ikifutika gombo halisomwi hadi lirekebishwe. Msomaji anafuata mstari kwa kijiti, maana kidole hakigusi ngozi. Nilikuwa nyuma yake kidogo, nikaona maandishi hayana irabu wala alama za kituo. Anayesoma lazima awe amejifunza kwanza. Mwaka mzima wanasoma sehemu kwa sehemu, na siku Musa anapokufa mlimani katika sura ya mwisho, wanarudi palepale kwenye uumbaji.

Mzee mmoja nilimwuliza mbona hawatoki kuhubiri. Akasema hakuna haja, kwa sababu asiye Myahudi akizishika amri saba walizopewa wana wa Nuhu ana sehemu yake katika ulimwengu ujao. Anayetaka kuingia hukawizwa na kuulizwa mara nyingi kama amefikiri vizuri. Akiingia anaitwa mwana wa Ibrahimu na Sara, na mtu haruhusiwi kumkumbusha alikotoka. Akanieleza pia habari za Yom Kipuri, siku ya toba na kufunga: Mungu husamehe siku hiyo makosa dhidi yake, lakini kosa la kumwibia jirani halifutiki kwa sala. Uende kwa jirani kwanza, urudishe, umwombe. Jambo hili nimelifundisha darasani kila mwaka tangu hapo, na wanafunzi wangu wa Kikristo hulibishania hadi kengele ilie.

Mwenye kutaka kwenda, kitambulisho cha taifa cha Kenya kinatosha kuvuka mpaka wa Uganda pale Lwakhakha. Fika Ijumaa kabla ya jua kuzama, vaa kwa heshima, mwanamume avae kofia, na simu uizime, kwa sababu siku ya Sabato hawapigi picha.