Walivyomtishia mwanangu na vidio yake, na tulivyochomoka

Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha tatu, ni yule mtoto ukimtuma dukani anarudisha chenji mpaka hamsini. Sasa Jumapili moja ananiomba elfu thelathini, mara mchango wa shule, mara kuna mtu anamdai, nikamfuata chumbani nimepania kumtandika nikakuta anatetemeka, simu inawaka kitandani, imeandikwa "zimebaki dakika 10". Nikakaa chini.

Kumbe kuna binti alimfuata mtandaoni, picha kali, Kiswahili chake cha ajabu ajabu, wakahamia WhatsApp, akapiga simu ya vidio akaanza kuvua nguo, na dogo naye akafuata. Yule binti ilikuwa ni vidio ya kurekodiwa tu, huku wao wanamrekodi wa kwangu. Muda huo huo wakamrushia vidio yake pamoja na skrinshoti ya orodha ya marafiki zake, shangazi yake yumo, mwalimu wa darasa yumo, lipa la sivyo inawafikia wote. Alishawatumia elfu ishirini ya akiba yake na walivyoipata tu wakataka hamsini, maana ukilipa ndo wanajua hapa pana hela.

Mimi kwa hasira nikashika simu naanza kufuta kila kitu. Bahati nikampigia mdogo wangu, ni fundi simu Kariakoo, akafoka, "Dada acha, usifute!" Tukapiga skrinshoti kwanza: namba, vitisho, meseji ya muamala, na linki ya ile akaunti, maana jina wanabadilisha muda wowote. Vidio yenyewe akasema nisimtumie mtu, hata yeye. Baada ya hapo tukaripoti akaunti, tukabloku, hatukujibu hata neno.

Kitu ambacho sikukijua ni Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, kituo cha Marekani cha kulinda watoto, kwa picha na vidio za utupu za walio chini ya miaka 18. Vidio haitoki kwenye simu yako, inatengenezewa alama kama ya kidole, na hiyo alama ndo inaenda kwa mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok ili mtu akiipandisha waikamate. Ndani ya WhatsApp haifiki, hilo lilininyima usingizi.

Nikapiga 116, namba ya kusaidia watoto, bure. Dada wa pale akaomba aongee na mtoto peke yake, nikatoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Kesho yake polisi, askari wa kaunta ananiambia si kajitakia mwenyewe, nikamwambia sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015 nipeleke dawati la jinsia na watoto. Pale tulisikilizwa vizuri na RB, yaani namba ya taarifa yetu polisi, tukapata.

Walirudi na namba nyingine mara mbili, tukabloku, siku ya nne kimya. Shangazi mtu hakutumiwa chochote, hajui mpaka leo. Elfu ishirini ndo imekwenda. Simu sikumnyang'anya, ningemnyang'anya siku nyingine asingeniambia kitu, ila usiku inachajiwa sebuleni, na yangu pia, maana alisema kama sheria ni sheria basi na mama aweke yake.