Fidia ya Mkono wa Kulia, Kazi ya Mkono wa Kushoto

Wiki iliyopita, tukiwa barazani Ngamiani baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mkono umeshalipwa na kila mwezi wapokea, sasa hiyo kazi ya dukani waifanyia nini?" Hakuwa na ubaya. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu nilipoajiriwa tena, na kwa kuwa wapo wenzangu walioumia kazini ambao wameacha kutafuta kazi kwa kuliogopa, nimeona niliandikie jibu refu kuliko lile nililompa mzee.

Mkono wangu wa kulia ulibaki kwenye korona. Msomaji asiye wa Tanga atadhani nasema ugonjwa; kwetu korona ni mashine ya kuchakata mkonge, inayoliparua jani mpaka zibaki singa tupu, na ilikuwa na jina hilo miaka mingi kabla ya ugonjwa kuja kulichukua. Nilitibiwa hospitali ya Bombo, na katika miezi ya kuuguza kidonda nilipokea malipo ya ulemavu wa muda kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani asilimia 70 ya mshahara niliokuwa nikilipwa, malipo ambayo kisheria hayazidi miezi 24. Fedha hizo husimama mahali pa mshahara. Anayezipokea huku akifanya kazi kwa kificho anakula sahani mbili, na sioni jina jingine la kuliita jambo hilo ila udanganyifu. Nakiri kwamba nilishawishika: rafiki yangu alitaka nimsimamie ghala lake jioni, bila maandishi, na nyumbani unga ulikuwa wa kupima kwa kikombe. Nilikataa, ingawa kwa muda mrefu sikujua kama nilikataa kwa uadilifu au kwa woga.

Kidonda kilipopona nilifanyiwa tathmini ya ulemavu wa kudumu, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Tathmini hiyo hutoa asilimia: aliyepata 30 au chini yake hulipwa kwa mkupuo, na aliyezidi 30, kama mimi, hulipwa pensheni kila mwezi. Kinachopimwa ni kile ambacho mwili umepoteza, na hesabu hufanywa kwa mshahara wa wakati wa ajali. Hakuna mahali nilipoambiwa kwamba kiungo kilicholipiwa ni sharti kikae nyumbani pamoja na vile vilivyosalia. Hata hivyo, kabla ya kukubali kazi mpya niliandika barua kuuliza, nikabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu si kila fao la ulemavu lina misingi hiyo. Pensheni ya ulemavu ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa mfano, ni kwa mwanachama ambaye uwezo wake wa kujipatia kipato umepungua kwa angalau theluthi mbili. Mwenye pensheni ya namna hiyo akipata ajira anapaswa kuuliza kabla hajatia saini, kwani kipimo chake ni kipato chenyewe. Wawili wanaweza kuketi benchi moja, wote wakisema "napokea ya ulemavu", na kila mmoja akawa na sheria yake.

Kazi niliyoipata ni ya karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Bosi wangu ana wafanyakazi watano, kwa hiyo aliniajiri pasipo kulazimishwa na mtu. Nilijifunza kuandika upya kwa kushoto, kwenye daftari la mistari la darasa la kwanza, na mwanangu akinisahihisha kwa ukali ambao mwalimu wake hana. Kuandika kulikuwa kwepesi. Kigumu kilikuwa kumpa mtu chenji. Sisi tumelelewa kwamba mkono wa kushoto haupokei wala hautoi, na mama yangu angenipiga kofi kwa kosa hilo, sasa kila mteja ninamtolea kwa kushoto, mara arobaini kwa siku, na kila mara ninasema, "Uniwie radhi kwa mkono huu." Wengi hujibu "Bila samahani." Wapo wanaotazama mkono wa shati uliokunjwa, wakazidisha kwa sarafu mia mbili kama sadaka, nami huirudisha, kwa kushoto vilevile.

Shemeji yangu aliyeko Columbus, Ohio, hana anasa ya kuuliza mara moja na kutulia. Mgongo wake ulichakaa, anapokea mafao ya ulemavu ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na mwaka jana alianza kazi ya saa chache. Kwao kuna miezi 9 ya majaribio, isiyolazimika kufuatana, inayohesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60: mwezi wa majaribio huhesabika pale mapato kabla ya kodi yanapozidi kiwango, ambacho kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 1,160, na mafao huendelea kulipwa yote. Miezi hiyo ikiisha hufuata miezi 36 ambayo kuzidisha kiwango kingine, kilichokuwa dola 1,620 kwa mwezi mwaka 2025 kwa asiye kipofu, kunaweza kusimamisha malipo ya mwezi huo. Shida yake ni kwamba saa za kazi hupangwa na msimamizi, na wiki moja ya zamu za ziada inaweza kumvusha mstari bila yeye kukusudia. Niliposema kwamba utaratibu wetu una heshima zaidi kwa mtu, alicheka: "Shemeji, lakini mimi huku nililipwa kwa mgongo uliochakaa bila mashine yoyote." Sikuwa na jibu.

Kwa kuwa mimi ndiye karani katika ukoo, hunitumia picha ya karatasi yake ya mshahara, nami nimemtengea ukurasa mwishoni mwa daftari langu. Mwezi uliopita alipata dola 1,142. Haukuhesabika, miezi yake iliyohesabika bado ni 6.