Jumamosi ya Pasaka, Elmenteita

Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilirudi mwezi wa Juni. Nilifurahi, lakini kwangu Safari bila Pasaka ilikuwa haijarudi bado. Ndiyo maana mwaka 2024, mashindano yaliporejeshwa wikendi ya Pasaka, nilimchukua mjukuu wangu tukaenda Elmenteita, kwenye Bonde la Ufa. Nilibeba daftari na penseli, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba.

Baba ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Pasaka ya 1976 nilikuwa na miaka tisa. Alituamsha usiku wa manane, tukashuka barabarani tumejifunika mablanketi. Enzi hizo magari yalikimbia maelfu ya kilomita, usiku na mchana, na barabara haikufungwa: dereva angeweza kukata kona akakutana na lori au ng'ombe. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuwazuia mbuzi. Unaona kwanza mwanga ukipanda kilimani, halafu unasikia mngurumo, halafu matope yanakurukia usoni. Gari moja lilinasa mbele yetu. Wanaume walizama hadi magotini wakilisukuma, nami nikapenyeza mikono yangu miwili. Bati lilikuwa la moto. Mpaka leo nalihisi viganjani.

Baba aliandika namba za magari na saa yalipopita. Redio ilipotangaza kwamba Joginder Singh ameshinda kwa mara ya tatu, na kwamba magari ya Mitsubishi Lancer yamechukua nafasi zote tatu za juu, alifungua daftari akatuonyesha: huyu alipita hapa, mlangoni petu.

Elmenteita tulisimama nyuma ya utepe. Gari la Kalle Rovanperä, namba 69, lilipita kama risasi, helikopta juu yake. Kabla sijamaliza kuandika, mjukuu alikuwa ameshanisomea muda wake kwenye simu. Mwendo wa namna ile baba hakuwahi kuuona, na niliutamani kwa niaba yake. Siku hizi mashindano ni ya siku tatu, nne, kilomita zisizofika 400 za kushindania. Lakini si ufupi unaoniuma.

Baadaye likaja gari mojawapo la nyuma, gurudumu limepasuka, likasimama karibu nasi. Vijana wakainama kuupita utepe. Msimamizi akawarudisha, na alikuwa na haki, kwa sababu magari mengine yalikuwa njiani. Dereva na mwelekezi wake wakabadilisha gurudumu wenyewe, jasho likiwatiririka, umati mzima ukiwatazama, mikono mitupu.

"Babu, mbona hatuwasaidii?"

Nilimsimulia habari za usiku ule wa matope. Alinisikiliza huku amezishika nguzo za utepe, macho yote kwa wale wawili. Jeki iliposhuka alipiga kelele kuliko mtu yeyote. Gari likaondoka. Nikampa penseli aandike namba yake, na saa.