Wa Tano Pale Beijing

Juzi binti yangu karudi kutoka mazoezini, nywele zanukia dawa ya bwawa. Namkausha kichwa, akaniuliza, "Mama, wewe ulifundishwa kuogelea na nani?" Babu yako, nikamwambia. "Lini?" Hapo nikasita, kwa sababu siku yenyewe naijua vizuri mno: Jumamosi, Agosti 16, 2008.

Alhamisi yake Jason Dunford alikuwa ameogelea mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mchujo wa Olimpiki ya Beijing. Rekodi ya Olimpiki, ya Mkenya! Haikukaa. Katika mchujo huo huo Milorad Čavić wa Serbia akaogelea 50.76 na kuifuta. Habari hiyo ya pili Baba hakuitaka kabisa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mashua, na hakuwahi kusikia nchi yetu ikisifiwa kwa jambo la majini. Sifa zote zilikuwa za mbio.

Fainali iliangukia saa kumi na moja alfajiri kwetu. Baba alituamsha sote. Ami naye alikuwa amelala kwetu, akaja sebuleni na shuka lake na ubishi wake.

"Huyo si mzungu?"

"Kazaliwa Nairobi, anaogelea kwa bendera yetu. Wataka nini tena?"

Ubishi huo haukuwa wa nyumba yetu pekee. Mimi nilikuwa upande wa Baba, na hadi leo nipo upande huo. Ingawa nikiwa mkubwa niliona na jambo jingine: Dunford alisomea Stanford, Marekani, kwenye mabwawa ya kila namna, na sisi watoto tuliozaliwa hatua chache kutoka baharini tulikuwa tukiyaona mabwawa kwenye ua wa hoteli, kwa nje. Kasarani, Nairobi, kulikuwa na bwawa la mita 50, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, lakini Kasarani na Mombasa ni safari ya usiku kucha.

Wachezaji wakapanda kwenye vibao vya kurukia. Michael Phelps wa Marekani alikuwa anatafuta dhahabu yake ya saba ya mashindano hayo, kwa hiyo kamera haikumwacha. Baba alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na televisheni, kikombe cha kahawa mkononi, akitafuta rangi zetu. Hapo hapo adhana ikaanza. Kwetu adhana ikianza, sauti ya televisheni huzimwa, hakuna mjadala. Baba akanyosha mkono akaizima, macho hayakubanduka.

Basi tukaitazama fainali ile bila mtangazaji. Nje muadhini wa mtaani kwetu, halafu wa mtaa wa pili akimfuatia, na mbele yetu watu wanane wanainuka na kuzama majini pasipo sauti yoyote. Mabega yanatoka, mikono inafagia, vichwa vinaingia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Baba na nikaona mabega yake yanakwenda nao. Kikombe hakukiweka chini. Kahawa ilikuwa inamwagika kidogo kidogo juu ya vidole vyake, vile vidole vilivyochunwa na kamba, na yeye hana habari. Kwenye kugeuka Phelps alikuwa wa saba. Ukutani wakagusa pamoja, na bila sauti hatukujua nani kashinda. Ni Phelps, 50.58 kwa 50.59 za Čavić. Baba hakusoma majina ya juu. Alishuka na kidole, akakiweka juu ya kioo: 5, KEN, 51.47.

"Wa tano duniani," akasema.

"Wa tano hana medali," akajibu Ami.

Baba akaenda kuswali.

Asubuhi hiyo hiyo Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichukua dhahabu ya mita 200 za chali na rekodi ya dunia, 2:05.24. Huyo naye tulimtazama, na Baba alimtazama kimya.

Mwezi ulikuwa mpevu, Shaabani, bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Alasiri maji yalijaa hadi kwenye mawe. Kaka zangu walifundishwa kuogelea wangali wadogo sana. Mimi niliambiwa siku zote bahari si ya wasichana. Alasiri ile Baba akaniita: "Vaa nguo nzito kidogo, twende." Akanishika chini ya kiuno, akaniambia nisipigane na maji, na akaniachia kabla sijawa tayari. Nikaelea.

Mwaka 2010 Dunford alishinda dhahabu ya mita 50 za kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Baba alimpigia Ami simu usiku huo huo.

Sikuwahi kumuuliza Baba kilichombadilisha ni nini, yule wa tano au yule mwanamke wa Zimbabwe, na sasa hayupo. Binti yangu anataka jibu moja. Nimemwambia akamuulize bibi yake, ambaye hushikilia kwamba ni yeye aliyemwambia Baba anifundishe, na kwamba walishakubaliana kabla Olimpiki haijaanza.