Anti, nan, granny: nani kasema Kiingereza hakina heshima?

Huku Dar ukiongea na watu kuhusu kuamkia wakubwa lazima atokee mmoja aseme wazungu hawana heshima, bibi kwao ni "you" kama mtu yeyote. Mi hapo nabisha. Kweli shikamoo hawana, ila majina ya kumwita bibi kwa mapenzi wanayo kibao, sema sisi shuleni tulikaririshwa grandmother, ambalo majumbani kwao ni nadra mtu kumwita nalo bibi yake. England utaskia nan au nana, Scotland gran na granny, Wales hata wanaoongea Kiingereza wengine wanatumia maneno ya Kiwelisi, lugha ya kwao, wanamwita nain kama ni wa kaskazini au mamgu kama wa kusini, ukivuka bahari hadi milima ya Appalachia kule Marekani unakuta mamaw. Mama naye hivyohivyo, kaskazini mwa England ni mam, kusini mum.

Ila linalonigusa zaidi ni anti. Australia wenyeji wa asili, Aborijino, mama mtu mzima anayeheshimika kwenye jamii wanamwita Aunty na jina lake hata kama hamna undugu wowote, na Hawaii nako ni hivyo, yaani kama sisi tunavyomwita mama yeyote wa mtaani mama. Sasa neno hilohilo kusini mwa Marekani lilikuwa la kudhalilisha, manake wazungu hawakutaka kumpa mwanamke mweusi heshima ya Miss wala Mrs, akiwa kijana wanamwita kwa jina lake tu, akizeeka anakuwa aunt au auntie. Ndo asili ya lile jina la unga wa pancake, Aunt Jemima, limeanza 1889 na limekuja kuondolewa 2021. Na kuna dada mmoja mwanaharakati, Mary Hamilton, mwaka 1963 yuko mahakamani Alabama, mwendesha mashtaka anamwita Mary, akagoma kujibu mpaka aitwe Miss Hamilton, jaji akampa siku 5 jela na faini dola 50. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na 1964 akashinda. Huyu mama namheshimu sana.

Nayasema haya kwasababu hapa mjini anti limeenea, saluni anti, dukani anti, na mdada wa kazi naye anti, mtu anaishi na familia miaka na watoto hawajui hata anaitwa nani. Kuna majumba mama mtu mzima kabisa, ana wajukuu huko kwao, anaitwa "we anti" na mtoto wa chekechea na wazazi wamekaa hapohapo kimya. Hiyo kwa kweli inaniuma. Kwangu mama anayetusaidia kanizidi umri, kwahiyo watoto wanamwita mama fulani kwa jina la mwanae wa kwanza, na asubuhi wanaanza na shikamoo ndo waombe chai.